Posti Zote Zilipita Kwangu

Solange mwanangu,

Ulisema unakwenda kumuaga Mama Furaha mara moja tu, urudi tule pamoja. Hiyo ilikuwa mchana. Sasa ng'ombe wa jirani wameanza kushuka kutoka malishoni, sahani yako bado nimeifunika, na wewe hujarudi. Nimekaa mezani nikiwa na hasira. Kwanza nilijiambia kwamba ni njaa, halafu nikajiambia kwamba nimechoka. Ni wivu, Solange. Kesho unaondoka, na saa zilizobaki umezipeleka kwa mama mwingine.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kuficha karatasi zako vizuri, ya kutokubali kukaa juu ya mizigo kwenye lori, sitayaandika. Umeyasikia wiki nzima mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafunga mdomo. Nataka kukuandikia jambo moja ambalo sijawahi kukusimulia lote. Mwisho wake unaujua, maana ulikuwa ndani yake ukiwa na miaka minane. Mwanzo wake nilikuficha.

Unakumbuka mwezi uliopita ulipomwaga maharagwe juu ya meza hii na kuyapangia nyuzi? Nilikuwa nimekuuliza unakwenda Kisangani kusoma nini hasa, kwa sababu jina la masomo lilikuwa refu kunipita. Ukasema ni mambo ya rezo: mitandao inasimamaje ikishambuliwa, na inaangukaje. Ukatoa haragwe moja bila kuchagua. "Ona, Mama, hakuna kilichoharibika, habari inazunguka huku inafika." Ukatoa la pili, la tatu, la nne, mtandao wako bado umesimama. Kisha ukaniambia, "Lakini adui hatoi ovyo. Adui anachagua." Ukaondoa lile la katikati lenye nyuzi nyingi, na yaliyobaki yakawa vikundi vikundi visivyojuana. Ukaongeza kwamba hata hapo mambo hayajaisha, kwa sababu mzigo wa aliyetoka unamwangukia jirani yake, jirani akizidiwa naye anaanguka na kumpa mwingine mizigo ya watu wawili.

Halafu ukacheka. "Mama Furaha alinionyesha haya yote kwa bidoni za maziwa kabla sijaanza hata sekondari."

Niliinuka nikatoka nje. Ulifikiri masomo yamenichosha, nikakuacha ufikiri hivyo. Nilikwenda kusimama nyuma ya jikoni, kwa sababu lile haragwe la katikati lilikuwa mimi.

Phonie, ile redio ya kuitana, unaikumbuka kama sanduku la kijani lililokoroma sebuleni kwetu na kukuzuia kucheza kwa kelele. Kwangu ilikuwa maisha. Simu hazikufika mlimani kwetu miaka ile, na pale zilipofika mnara ulichomwa. Ushirika wa wakulima ulikuwa umeweka redio hizo za mawasiliano katika vijiji: Kalembe, Ntoto kule Walikale, Rubaya kwenye machimbo, na posti nyingine kadhaa. Kila posti ilikuwa na mtu mmoja, batri moja ya gari, pano moja ya kuvuna umeme wa jua, na waya mrefu uliofungwa juu ya mikaratusi. Posti yangu ndiyo iliyokuwa Santrali, kituo kikuu, na watu waliniita Mama Santrali mpaka wengine wakasahau jina langu.

Kanuni niliziandika mwenyewe. Hakuna posti kuita nyingine bila kupitia kwangu. Orodha ya masafa ya kila siku inakaa ndani ya kaye, daftari langu, nami ndiye ninayeitangaza asubuhi. Hakuna kukataa ujumbe wa mtu, hata ukiwa umechoka. Na mtu wa posti haondoki mbele ya redio mpaka Santrali imruhusu. Ushirika uliziona ukasema ni kanuni nzuri, na kweli zilikuwa na faida. Mtoto akiugua Ntoto, nilijua kabla ya wajomba zake. Mwanamume anayebeba madini ya koltani Rubaya alisikia kwa sauti yangu kwamba mke wake amejifungua. Baba yako mwenyewe, aliyekuwa akibeba mifuko kule, aliniambia nyumbani napiga kelele lakini kwenye redio nina sauti ya malaika.

Miaka ilipita na hatukuanguka. Radi ilipiga Ntoto, wengine tukaendelea. Mtu wa Rubaya akashikwa na malaria, tukaendelea. Mvua ikabomoa njia, panya wakala nyaya, batri ikaibwa, bado tukaendelea. Nikaamini kwamba tuna nguvu. Sikuona kwamba mvua na radi na panya havijui nani ni nani, kwa hiyo karibu kila mara vilimpata mtu wa pembeni. Hakuna aliyekuwa amenitafuta mimi bado.

Sasa nikupe habari za Mama Furaha, ambaye unafikiri unamjua kuliko mimi.

Tulianza pamoja kwenye kwaya. Yeye wa familia ya wafugaji, mimi wa familia ya wakulima, na kwa miaka mingi hilo halikutusumbua. Aliongoza akina mama wa maziwa, au nilifikiri anawaongoza. Walikuwa wanawake wa vilima vingi, wakipokezana bidoni, yale madumu yao, mpaka maziwa yafike sokoni kabla hayajachacha. Nilimwuliza siku moja nani mkubwa wao.

"Maziwa haingojake chef," akasema. "Inaharibika."

Akanieleza. Kila mama anajua njia mbili au tatu, na ana watu wawili wa kumpokelea. Huyu akiwa hayupo, anampa yule. Na mama aliyezidiwa anasema "nimejaa," basi, hakuna anayemnunia. Maziwa yanabaki pale yalipo, yanageuzwa fromaji, yaani jibini. Nilicheka. Nikamwambia kazi bila mkubwa ni kelele tu. Lakini moyoni nilikuwa nimeanza kuona jinsi watu wanavyomsalimia yeye kwanza tukitoka kanisani, na jinsi anavyocheka na kila mtu, na mimi kila mtu ananijia akiwa na shida.

Ulipokuwa na miaka saba alikuja hapa nyumbani, akakaa hapa ninapokaa sasa. Wewe ukaja ukajilaza mapajani mwake bila kuitwa. Nakumbuka kila neno.

"Dada," akaniambia, "acha Kalembe iongeleshe Ntoto bila kupita kwako, hata saa moja kwa siku. Na bamama ba maziwa, bakisikia habari njiani, posti ibapokee. Siku moja kama weye hauko, tutafanya namna gani?"

"Mimi niko kila siku."

"Hakuna muntu iko kila siku."

"Unataka phonie, Furaha? Sema tu."

"Mi sitaki phonie. Niko na bidoni, inanitosha."

Akakushusha taratibu, akaaga. Baba yako, aliyekuwa likizo, akasema mlangoni, "Yule mama iko na akili." Hakukusudia ubaya. Lakini mimi sikulala vizuri siku hiyo, na asubuhi nilipotangaza masafa nikatangaza na amri mpya: posti yoyote isipokee habari kutoka kwa akina mama wa maziwa, kwa sababu haijahakikishwa. Nilisema ni kwa ajili ya usalama. Niliuita wivu wangu usalama, na ushirika mzima ukanishukuru.

Mwaka uliofuata tulikupeleka Kalembe kwa mama yako mdogo Jeannette, ukapumzike baada ya mitihani. Ulifurahi kwa sababu kwake kulikuwa na mtoto wa rika lako na miwa nyuma ya nyumba. Kila jioni Papa Bahati, mtu wa posti ya Kalembe, alinitumia salamu zako mwishoni kabisa, kazi ikiisha. "Santrali, mutoto amekula, ameoga, anasema hataki kurudi." Nilicheka naye. Nataka ukumbuke sauti ya Papa Bahati, kwa sababu nitarudi kwake.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa maziwa, bidoni mgongoni, jasho tupu. Akasema Mama Furaha amemtuma. Kwenye soko la kilima cha pili kuna watu wasiojulikana wanaouliza nyumba ya phonie. "Na banauliza ya hapa tu," akasema. "Zingine hawaulizi."

Nilimwuliza nani aliwaona kwa macho yake. Akataja mwanamke mwingine. Huyo naye aliambiwa na nani? Akataja mwingine. Nikamshukuru, nikampa maji ya kunywa, akaenda. Sikuandika kitu kwenye kaye. Sikuonya posti hata moja. Nilijiambia, Furaha anatafuta mlango wa kuingilia. Habari ileile ingekuja kwa mkono wa mtu mwingine yeyote, ningeficha redio saa ileile.

Walikuja kesho yake, jua likiwa limeshapanda. Hawakugusa duka la jirani. Hawakugusa ng'ombe. Walipita nyumba zote za watu wakaja moja kwa moja kwenye waya uliokuwa juu ya mikaratusi yetu. Mmoja wao, kijana mwenye adabu hata, akaniuliza, "Weye njo Santrali?"

Kwa miaka kumi na moja nilikuwa nimejivunia jina lile.

Walichukua redio, batri na pano. Wakakata waya. Kaye yangu wakaitia kwenye mafiga, chini ya sufuria yangu mwenyewe, nikaangalia masafa ya wiki nzima yanaungua. Walinisukuma chini, hawakunipiga zaidi ya hapo. Hawakuwa na haja. Wakaondoka kwa njia ya Kalembe, na nikamsikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba watafika kule kesho yake.

Kilichotokea kwenye posti nilikuja kukijua baadaye, mtu wa Ntoto aliponisimulia. Waliniita, nikanyamaza. Kanuni yangu ilisema Santrali ikinyamaza, Kalembe ichukue kazi. Basi wote wakamgeukia Papa Bahati. Ujumbe wa wagonjwa, wa wafanyabiashara, wa watu waliotaka kujua Santrali imepatwa na nini, wote wakamwangukia yeye, na kanuni ilisema hakuna kukataa. Siku ile kule Kalembe mawingu yalikuwa mazito, pano yake haikujaza kitu. Kesho yake kabla ya saa sita batri yake ikafa. Wakahamia Ntoto na mizigo ya posti mbili. Ntoto ikafa. Wakahamia nyingine. Siku ya tatu hakukuwa na sauti popote kutoka kwetu Masisi mpaka Walikale. Wale watu waliua posti moja tu, Solange. Zingine tuliziua wenyewe kwa utii.

Lakini saa ile, nikiwa chini kwenye vumbi, sikujua hayo. Nilijua tu kwamba wanakwenda ulipo, na kwamba sina mdomo wa kuonya mtu. Nikainuka nikaenda kwa Mama Furaha.

Nilimkuta akisugua bidoni kwa majani na maji ya moto. Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani, ya kuomba msamaha, yote yakanitoka. Nikasema tu, "Banaenda Kalembe."

"Mutoto iko kwa nani kule?"

"Kwa Jeannette. Nyumba ya nyuma ya shule."

Akaweka bidoni chini. Hakuuliza kwa nini sikusikia onyo lake. Nilimngojea aulize, na alipokosa kuuliza niliumia zaidi. Akaita majina matatu, wanawake watatu wakatoka kwenye nyumba tatu, akawaambia maneno yaleyale kila mmoja: watu wanakuja, Kalembe iondoke, mtoto wa Mama Santrali yuko nyuma ya shule. Wakatoka kwa njia tatu tofauti. Nikamwuliza kwa nini watatu.

"Mumoja anaweza kurudishwa. Wa pili anaweza kuogopa."

Ikawa hivyo. Wa kwanza alikutana na bariere, kizuizi cha njiani, akarudishwa. Wa pili alifika mtoni akakuta maji yamejaa. Wa tatu alimpa habari mwanamke wa kilima kinachofuata, yule akampa mwingine, na giza lilipokuwa linaingia mwanamke ambaye Furaha hakuwahi kumwona maishani mwake aligonga mlango wa Jeannette.

Mimi nilibaki mlimani siku mbili bila kujua kama unapumua. Siku ya kwanza nilimwuliza Furaha uko wapi. Akasema hajui. Siku ya pili nikamshika mkono kwa nguvu.

"Niambie mutoto wangu iko wapi."

"Hata mi sijui," akasema. "Hakuna muntu anajua yote. Kila mama anajua ule wa mbele yake tu. Njo vizuri. Bakinishika, nitasema nini?"

Nilitaka kumpiga. Nimekaa miaka mingi na jibu lile, na sasa najua lilikuokoa, lakini siku ile nililichukia, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kujua yote, na kwa mara ya kwanza mtoto wangu alikuwa mikononi mwa watu ambao sikuwa na orodha yao.

Mlipita kutoka kilima hadi kilima, wewe, Jeannette na mtoto wake. Umewahi kunisimulia safari ile kama sikukuu: maziwa ya moto kila mnapofika, kuku aliyekufuata, mwanamke aliyekubeba na kukuimbia Kinyarwanda. Uliniambia hukuogopa hata kidogo. Nilipaswa kumshukuru Mungu. Moyo wangu ulisema: ameweza kutoogopa bila mimi.

Mlipotokea juu ya kilima, Furaha alikuwa amekwenda kuwapokea sehemu ya mwisho, na ulikuwa mgongoni mwake, umelala. Nilikimbia. Nikakuchukua. Ukaamka, ukanitazama, ukalia, ukanyoosha mikono kurudi kwake. Mtoto aliyeamshwa vibaya, basi. Kila mama anajua hilo. Lakini mimi niliweka siku ile ndani yangu kama kisu ndani ya kitambaa.

Sasa Papa Bahati.

Ulikua ukisikia kwamba alichukuliwa kubeba mizigo ya wale watu na hakurudi. Ni kweli. Ambacho sikukuambia ni kwamba alipata nafasi ya kutoka. Jeannette alipita mlangoni kwake akamwambia twende, akina mama wa maziwa wametuletea habari. Alikuwa mbele ya redio. Akamwambia Jeannette kwamba posti hairuhusiwi kupokea habari za akina mama wa maziwa, na kwamba Santrali bado haijamruhusu kuondoka. Asubuhi, mtu wa Ntoto alimsikia akiita bila kuchoka: "Santrali, Santrali, hapa Kalembe, naomba ruhusa." Ntoto akamwambia, "Kaka, toka." Akajibu, "Weye si Santrali." Kisha batri ikafa, na bado akakaa. Niliandika nani achukue kazi yangu nikinyamaza. Sikuandika nani amruhusu yeye.

Mke wake alirudi Kalembe na watoto. Kwa miaka yote nilimtumia salamu na nguo za watoto na sikuthubutu kwenda. Mwaka jana nilikwenda. Uliponiuliza nilikokuwa nilikudanganya kwamba nimekwenda kuona shamba. Nilikaa jikoni kwake nikamwambia yote, amri, onyo nililolipuuza, na kwa nini nililipuuza. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hakuacha kuchambua.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa mule ndani ya nyumba. Nilimuvuta mukono. Akaniambia, Mama Santrali hajanifungua."

Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unachukia huyu mama wa maziwa juu ya nini?"

Nikatafuta sababu moja kubwa ya kumpa, inayolingana na kumpoteza mume. Sikuwa nayo. Nikasema, "Bantu balikuwa banamupenda."

Akatikisa kichwa, akanisogezea sahani ya majani tuchambue pamoja. Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Sikuuliza.

Baada ya mambo yale ushirika ulileta redio nyingine, wakataka nirudi. Furaha ndiye aliyesema nirudi, lakini kwa namna nyingine. Ukiwa darasa la sita tuliandika kanuni mpya tukiwa wawili, tukigombana kila mstari. Posti yoyote inaita yoyote. Masafa yanajulikana kwa wote, na yakivuja yanabadilishwa na yeyote aliye macho. Mtu wa posti anaweza kusema "nimejaa." Na kuondoka, kila mtu anajiruhusu mwenyewe. Mstari huo wa mwisho niliuandika peke yangu.

Mwaka juzi posti ya kwetu ilivamiwa tena, na hujui, kwa sababu hakukuwa na cha kujua. Walichukua redio, wengine wakaendelea kuongea, na jioni mwanamke mmoja akaniletea habari za Rubaya pamoja na nusu lita ya maziwa. Nilikaa mlangoni nikiwasikiliza majirani wakizungumza. Hakuna aliyenijia akilia kwamba tumepotea. Unafikiri nilifurahi? Nilifurahi. Na palepale nikaona uchungu mdogo, kwamba nimekatwa na hakuna kilichoanguka.

Ndiyo maana sitakuambia kwamba wivu huisha. Wangu haujaisha. Nilikufichia viatu siku moja ukiwa na miaka kumi ili usiende kwa Furaha kukamua, ukaenda peku, ukachomwa mwiba, na yeye ndiye aliyeutoa. Uliposhinda mtihani wa taifa ulikimbia kilimani kabla ya kuja jikoni. Barua ya kukubaliwa Kisangani uliisomea kwake kwanza, kwa sababu nyumba yake ilikuwa njiani, ulisema. Nayahesabu haya yote na nayajua kwa mpangilio. Najua pia kwamba mara nyingi nilitaka uwe mtoto wa njia moja, utokee kwangu na urudi kwangu, na kila habari yako ipite kwenye kaye yangu. Nilikupenda kwa kanuni zilezile nilizomfungia Papa Bahati.

Kule unakokwenda utapata watu. Profesa atakayekueleza jambo ambalo mimi siwezi, rafiki utakayemwambia siri kabla yangu, mama wa nyumba utakayopanga atakayejua kwamba unaumwa kabla sijajua. Nitawaonea wivu wote, nakuambia mapema ili usishangae sauti yangu kwenye simu. Ukiisikia imekauka, usinifiche watu hao ili nifurahi. Nitajie majina yao. Nitanuna, kisha nitayakariri.

Nitakuambia na jambo nililolifanya leo asubuhi ulipokuwa unaoga. Nilikwenda kwa Mama Furaha. Nilimwambia kwamba kesho nataka akusindikize yeye mpaka unapopandia pikipiki ya Walikale, kwa sababu njia ile anajulikana kuliko mimi, na ukikwama kila nyumba itamfungulia. Maneno yalinitoka kwa shida, kama mtu anayetapika mfupa. Yeye akasema, "Na weye utabaki hapa kufanya nini? Kulia peke yako? Tutaenda wote." Sasa, ninapoandika, ndipo naelewa kwa nini amekuweka kwake tangu mchana. Anajua kwamba kesho sitakuachia mkono hata kidogo, amechukua zamu yake leo.

Namwona sasa anatokea juu ya kilima, mnashuka pamoja, amebeba kitu, wewe unaongea kwa mikono kama kawaida yako. Nitaificha karatasi hii ndani ya daftari lako kabla hamjafika mlangoni, na nitapasha chakula cha watu watatu.

Solange, safari ni ndefu na simu yako haina nguvu ya siku nyingi. Ukifika Kisangani usihangaike kunitafuta mimi wa kwanza. Mpigie yeyote utakayempata kwenye mtandao, Jeannette, mtu wa Ntoto, Furaha, yeyote. Mwambie tu kwamba umefika. Itanifikia.

Mama yako